Maili Elfu Nne na Mia Sita

Jumamosi, 13 Agosti 1960

Wiki imepita tangu tumzike Baba, na leo ndiyo mara ya kwanza nashika kalamu. Wageni wa hitma wameondoka. Mama yumo chumbani mwake, kaanza eda, na hatotoka humo ila kwa dharura mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

Ninaandika kwa sababu nina hasira na sina pa kuipeleka. Kila aliyeingia nyumba hii kutupa mkono wa pole alisema maneno yale yale: "Maskini Himid, yuko mbali." Wanawake walisema jikoni, wanaume wakasema barazani. Himid ni kaka yangu, mwaka wa nne huu yuko London anasomea sheria. Aliyelianza neno hilo la mbali ni Ami Hamad, ndugu yake Baba, na wengine wamelipokea kama wanavyopokea kahawa.

Baba alilala mgonjwa siku ishirini na moja, na Ami alisema ndiye atakayempelekea Himid simu ya posta. Kila asubuhi, kabla hajataka maji, aliuliza: "Himid kajibu?" Ami Hamad anakaa kitako ukingoni mwa kitanda, anamshika mguu, anamwambia: "Ndege zimezuiwa, ndugu yangu. Njia haina amani. Yuko mbali."

Zimezuiwa na nani? Hapa kwetu Wawi, kisiwani Pemba, ndege zinapita juu ya paa letu zikienda kutua. Nilizisikia siku zote zile, na Baba pia alizisikia. Alikuwa akigeuza uso kutazama dari.

Jumanne, 16 Agosti

Karafuu zimeanza kuiva. Ami kaja kupanga wachumaji. Nilimwamkia kwa sababu ya adabu tu.

Alhamisi, 18 Agosti

Mimi ni mwalimu wa jografia, na leo nimeona aibu kwamba nimelisikia neno "mbali" mwezi mzima nisiulize ni mbali kiasi gani.

Wasichana walipokwenda kwao mchana nilibaki skuli peke yangu. Kwanza nilitazama ramani ya ukutani, lakini ramani ile ni ya bapa, na kule kaskazini nchi zote zimevutwa zikapanuka. Ukipima kwa rula unapata uongo. Nikalishusha tufe la dunia kutoka juu ya kabati, nikalipangusa vumbi, nikachukua uzi wa darasa la ushoni. Ncha moja nimeiweka London, nimeuvuta uzi uambae na duara la tufe, ukapita juu ya Italia, ukavuka bahari na jangwa, mpaka kwenye nukta yetu hii ambayo aliyechora tufe hakujisumbua kuiandika jina. Inchi saba. Nikauzungusha uzi mwengine ikweta nzima, nikapiga hesabu. Maili elfu nne na mia sita, zikizidi ni kidogo.

Bi Mwanakhamis, mwalimu mkuu wetu, akanikuta nimepiga magoti sakafuni na tufe mapajani.

"Wapima nini, Mwatima?"

"Napima umbali wa kaka yangu."

Hakucheka. Yeye alikwenda Uingereza mwaka juzi kwa mafunzo, akarudi kwa ndege. Alikaa kwenye dawati la mbele, akavua viatu, akanieleza. Aliondoka London wakati wa magharibi. Usiku ule ndege ilitua mara mbili kunywa mafuta. Asubuhi alikuwa Nairobi anakunywa chai. Ndege nyengine ikamchukua Mombasa na Unguja, akalala kwa shangazi yake, na siku ya pili akaja Pemba kwa ile ndogo. "Na sasa kuna hizi za jeti," akasema, "zinakwenda kasi zaidi ya ile yangu."

"Yaani siku mbili?"

"Siku mbili, na kulala humo humo."

Siku mbili! Na Baba alilala wiki tatu. Angeweza Himid kuja, kurudi, kuja tena na kurudi tena, na bado Baba angekuwa hai.

Nimekuja kwa miguu kutoka mjini, wala sikuona njia. Ami hakupeleka simu, ndivyo ninavyoona. Aliogopa gharama, au aliona mwana mkubwa akija atamnyang'anya usimamizi wa shamba wakati wa mavuno. Kakaa na simu yake, akamwongopea mtu anayekufa.

Ijumaa, 19 Agosti

Nimemwambia Mama. Nimemwambia maili na siku, na chai ya Nairobi. Alikuwa ameegemea mto, tasbihi mkononi.

"Basi Himid hakuambiwa," akasema.

"Hakuambiwa, Mama. Angeambiwa angefika."

Aliivuta tasbihi mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake: "Mwambie Hamad chakula cha nyumbani kwake kisiletwe tena hapa."

Ijumaa, 26 Agosti

Baada ya sala Ami alikuja kama kawaida, akasimama ukumbini nje ya pazia la Mama. "Shemeji, hujambo? Umeamkaje?" Mama hakujibu. Ami alisubiri, akavaa viatu vyake akaenda zake. Nilifurahi.

Jumapili, 4 Septemba

Maulidi. Mara hii hatukupika.

Ijumaa, 16 Septemba

"Shemeji, hujambo?" Kimya. Ijumaa ya nne hii.

Jumatano, 21 Septemba

Jua kali, karafuu zinakauka vizuri. Kijiji chote kinanukia, mpaka madaftari ya wasichana skuli yananukia. Watu wanagombana kwa siasa mjini, duka hili watu wa chama hiki hawanunui, duka lile watu wa chama kile hawaingii. Mimi chama changu ni hasira tu.

Ijumaa, 30 Septemba

Alikuja na mkungu wa ndizi, akauacha mlangoni. Mama alisema ndizi zile apewe mbuzi ale. Nilimpa mbuzi.

Ijumaa, 14 Oktoba

"Shemeji, umeamkaje?" Kimya. Amekonda Ami. Na akonde.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza mapema. Wachumaji wananung'unika, matawi yanateleza.

Jumamosi, 29 Oktoba

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi jua lilikuwa zuri, karafuu zetu za wiki nzima zimeanikwa uwanjani juu ya majamvi. Saa nane wingu likaja kutoka upande wa Kiuyu, jeusi, bila ya kuonya. Kila mtu alikimbia. Mimi nilitupa buibui langu juu ya ua nikashika ncha ya jamvi. Ami Hamad alikuwa akipiga kelele, kunja huku, funika kule, lile liache lishalowa! Nusu ziliokoka. Nusu zilibaki katika maji, zikageuka rangi papo hapo, na zikilowa hivyo ni za kutupa.

Tulikuwa chini ya upenu wa banda, wachumaji na sisi, tumelowa chepe. Ami akasema, kama anazungumza na nafsi yake: "Lau angekuwepo marehemu."

Sikuweza kuvumilia. Nilisema mbele ya watu wote: "Marehemu angekufa na mwanawe kando yake lau hukuificha simu! London ni siku mbili, Ami! Siku mbili! Nimepima mwenyewe. Ulimwongopea ndugu yako kitandani, ukamfanya atazame dari kila ndege ikipita!"

Wachumaji waliangalia miguu yao. Ami alinishika mkono, si kwa ukali, akanipitisha mvuani mpaka nyuma ya banda.

"Simu niliipeleka siku ya pili," akasema.

"Muongo."

"Siku ya pili, Mwatima. Nikaenda mwenyewe posta Chake. Nikamwambia baba yako hana siku nyingi, na tiketi nitalipa mie. Akajibu. Akajibu haraka, simkanushii hilo. Kasema ni mbali, ana shughuli, tusimtarajie, tumsomee dua. Nikapeleka ya pili. Hiyo hakuijibu."

Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye ndevu. Sijui kama yote yalikuwa ya mvua.

"Sasa wewe ungemwambia nini mgonjwa? Ungemwambia mwanao kasema hana nafasi? Mie nikasema ndege zimezuiwa. Ndugu yangu kafa akijua mwanawe anataka kuja na kazuiliwa. Kama ni dhambi, ni yangu."

"Na Mama? Mama anaamini ni wewe. Miezi miwili na zaidi hii!"

"Muache aamini. Mie shemeji yake tu. Yule ni mwanawe, na mwana wa kiume hana mwengine."

"Siwezi, Ami."

"Utaweza. Ushampa mama yako hesabu bila ya kuniuliza. Basi usimpe na hii."

Alirudi mvuani kuyafunika majamvi yaliyosalia.

Jumapili, 30 Oktoba

Sikulala vizuri. Nina hasira na Himid hata meno yananiuma. Alinifundisha kusoma huyu, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Na tena nina hasira na Ami kwa kunifungia mdomo.

Ijumaa, 4 Novemba

"Shemeji, hujambo?"

Kimya. Nilikuwa ukumbini na ungo wangu wa mchele. Nilimtazama usoni, jambo ambalo Ijumaa zote zilizopita sikulifanya. Alinitikisia kichwa: nyamaza. Akavaa viatu.

Jumanne, 8 Novemba

Nimemwandikia Himid barua ya kurasa sita. Nimeichana.

Ijumaa, 18 Novemba

Mama kaniuliza leo: "Hasira yako kwa ami yako imekwenda wapi? Juzi nimekusikia ukimpa uji."

Nikamwambia ni mtu mzima, na kulikuwa na baridi ya mvua.

"Baba yako pia alikuwa mtu mzima," akasema, akanigeuzia mgongo.

Jumatano, 7 Desemba

Skuli zimefungwa. Jumapili Mama anatoka eda. Ami kaniita pembeni akaniambia mirathi itagawiwa Jumanne, mwalimu wa chuo cha Kurani keshakubali kuja kusimamia, na yeye leo amempelekea Himid simu ajue, maana ni haki yake kujua.

"Hatokuja," nikasema. "Ni mbali."

Ami hakucheka.

Ijumaa, 9 Desemba

Kajibu. Anakuja.

Nimekaa na kijikaratasi hiki cha posta nakitazama. Baba kaomba kwa pumzi yake ya mwisho, hakuja. Mikarafuu imeita mara moja tu, anakuja.

Mama, nilipomwambia, alisujudu. "Umeona? Umeona sasa? Safari hii hakuna aliyemzuilia simu yake." Niliingia jikoni nikapuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

Jumatatu, 12 Desemba

Kafika.

Jana Mama alioga, akavaa kanga mpya, akatoka. Leo tangu alfajiri yuko jikoni, hataki mtu amguse chungu. Ndege ilipopita alisimama katikati ya ua, mwiko mkononi, mpaka sauti ikaisha. Baada ya saa nzima gari likasimama, na Himid akashuka na suti ya kijivu na koti kubwa la sufu mkononi, amenenepa, mzuri wa uso kama zamani. Mama alimkumbatia akalia, na mimi nikalia pia, sikuweza kujizuia, na nikajichukia kwa kulia.

Majirani walijaa. Wanaume walikaa naye ukumbini, Ami Hamad mlangoni kabisa kwa sababu Mama hakumkaribisha ndani. Mama na mimi tulikuwa chumbani, nyuma ya pazia, tunapakua. Watu wakaanza kumuuliza habari za safari, na kaka yangu akaanza kusema, na alisema kwa raha.

"Jamani, dunia imekuwa ndogo! Jumamosi magharibi nimo London. Unapanda jeti, kitu hakitikisiki, unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya goti. Unakula, unasinzia, wakikuamsha ni asubuhi, Nairobi hiyo. Jana alasiri nishafika Unguja. Na leo mie huyu, nakula kwa mama yangu. Usiku mmoja tu angani!"

Watu wakasema mashaallah. Mmoja akauliza: "Sasa si mbali tena?"

"Mbali?" Himid akacheka. "Mbali ni zamani, zama za meli."

Mama alikuwa ameshika sahani ya samaki. Aliiweka chini taratibu. Alinitazama mimi, na sijui aliona nini usoni mwangu, maana mimi si hodari wa kuficha. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona: "Simu ilikwenda?"

Niliinamia sahani nikaendelea kupakua. Ami alikuwa amenikataza.

"Mwatima. Hamad alipeleka simu?"

"Mbili," nikasema.

Akajitanda kanga yake kichwani, akafungua pazia, akatoka mbele za wanaume wote.

"Himid, mwanangu. Umesema usiku mmoja?"

"Usiku mmoja, Mama," akajibu akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kumtoka.

"Baba yako alilala siku ishirini na moja. Alikuwa akikuuliza wewe kabla ya kutaka maji."

Himid aliweka mkono wake juu ya meza, akautoa. Alisema alikuwa na mitihani.

Hapo nikatoka mimi. "Mwezi wa Julai? Mwenyewe uliniandikia kwamba Julai na Agosti vyuo vyote vimefungwa, watu wamekwenda pwani!"

"Wee nyamaza, Mwatima, haya si mambo yako."

"Ni yangu! Mimi ndiye niliyemfumba Baba macho alipokufa!"

Alinitazama, halafu akamtazama Mama, na sauti yake ikawa ndogo, ya kitoto. "Nilijua nikija sitarudi. Baba angenishika mkono aniambie kaa, shamba hili ni lako, na mie nisingeweza kumkatalia mtu anayekufa. Mama, mie siwezi kuishi hapa tena. Nilisema, nikitulia... nikimaliza..."

"Basi ungekuja ukamkatalia," Mama akasema. "Angekuona."

Kisha akafanya jambo ambalo sitolisahau. Alipita katikati ya wale wanaume, akaenda mpaka mlangoni alikokaa Ami Hamad, akasimama mbele yake.

"Shemeji," akasema, "hujambo? Umeamkaje?"

Ami alijifunika uso kwa kofia yake.

Jumanne, 13 Desemba

Mirathi imegawiwa kwa sheria. Himid kapata mafungu mawili na mimi fungu moja, ndivyo ilivyo na sina la kusema. Mwalimu wa chuo alipomaliza, Himid akasema fungu lake liendelee kusimamiwa na Ami. Ami akakataa, hapo hapo, bila ya kupandisha sauti: "La Mama yako na la Mwatima nitasimamia mpaka nife. La kwako tafuta mtu." Sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda Ami dakika ile.

Kaka kalala ukumbini. Mama hakumfukuza, ila hakumtandikia. Nilimtandikia mimi, na sijui kwa nini.

Jumatano, 14 Desemba

Alasiri Himid aliniomba nimwonyeshe kaburi. Nilitaka kumwambia akaulize njiani kama mgeni. Ami akatokea, akamwambia, "Njoo." Waliondoka wawili, mmoja kavaa suti, mmoja kajifunga msuli kiunoni, hawasemezani. Walirudi na suti ikiwa na udongo magotini. Haikunitosha.

Alhamisi, 15 Desemba

Amekwenda. Tiketi yake ya kurudi alikuja nayo mfukoni, tarehe imeshaandikwa. Siku tatu alitupangia, tangu hajashuka.

Asubuhi alisimama mbele ya Mama, akapiga magoti, akamshika miguu, akamwomba radhi. Mama aliweka mkono kichwani pake. "Radhi nimekupa," akasema. "Siwezi kumnyima niliyemzaa. Lakini ukisikia nimelala, Himid, usije. Siku hiyo usije. Kama unataka kuja, njoo nikiwa nimesimama."

Akasema atakuja, mwakani, inshaallah. Mama akasema inshaallah. Gari likamchukua.

Mimi nilibaki uani nikifua, napiga nguo kwenye jiwe kwa nguvu nisizohitaji. Nilikuwa nasema peke yangu yote ambayo sikumwambia: ukutani kwa mkaa, dari, majamvi, Ijumaa zile zote. Ndege ikapita. Ilikuwa chini, imeelekea Unguja, na Mama alikuwa amesimama kwenye kivuli cha jiko, mikono imejaa unga.

Hakuinua kichwa kuitazama. Alisubiri mpaka sauti ikatoweka, kisha akanigeukia.

"Lile koti lake," akasema, "kalichukua? Huko anakokwenda kuna baridi sana mwezi huu."

Nilitamani kupiga kelele. Nilitamani kumwambia kwamba na agande. Nikakung'uta nguo iliyokuwa mkononi, nikaitandaza kambani, nikavuta pumzi.

"Kalichukua, Mama," nikasema. "Kalivaa kabisa."